Shangazi, mlango wa kikundi nimeufikia mara tatu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 41, nimeolewa, nina watoto wawili, na ninakunywa pombe kila siku. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara nyingi, kwa hiyo nivumilie nikirukaruka.

Nilianza kidogokidogo, jioni, watoto wakishalala. Sasa ni mwaka wa tisa. Ninakunywa pombe kali, peke yangu, na chupa naificha ndani ya buti la mvua nyuma ya kabati. Kazini naenda, watoto wanakula, nyumba inafagiliwa. Mtu akinitazama haoni kitu. Asubuhi tu mikono hunitetemeka na jasho hunitoka mpaka nipate mafunda mawili matatu, kisha natulia na siku inaenda. Mwezi uliopita nilishindwa kutia saini mbele ya bosi wangu, nikamwambia nimeulalia mkono.

Nimeamua kuacha. Si mara ya kwanza kuamua, ila safari hii nimeona nitafute wenzangu, maana peke yangu nimeshindwa. Nilisikia kuna vikundi vya watu wanaokutana na kusaidiana kuacha pombe. Basi sikiliza yaliyonikuta.

Mara ya kwanza nilipata anwani kwenye simu: siku, saa, jina la jengo. Nikaaga kazini mapema. Nilipofika, mlango una kufuli na taa zimezimwa. Mlinzi akaniuliza, "Unamtafuta nani?" Ningejibu nini, Shangazi? Nikamwambia nimepotea. Usiku huo nilikunywa kuliko kawaida.

Mara ya pili ilikuwa jengo jingine, na mlango ulikuwa wazi. Kupitia dirishani nikamwona baba wa mtoto anayesoma darasa moja na binti yangu. Niligeuka palepale, nadhani hata hatua sikumaliza.

Mara ya tatu niliingia. Wanaume kumi na mmoja, mwanamke mimi peke yangu. Nilidanganya jina. Sitawasingizia, walizungumza vizuri, na kuna mzee mmoja alisimulia mambo yake nikahisi kama ameliona buti langu. Lakini mwishoni walisimama, wakashikana mikono na kuomba kwa maneno ya dini ambayo si yangu. Nilipotoka, mwanamume mmoja akanisindikiza, akaniomba namba ya simu ili "anitie moyo". Nikampa. Saa tano usiku akaanza kupiga, na mazungumzo yake hayakuhusu pombe.

Sijarudi tena. Nitapataje kikundi kinachomfaa mwanamke kama mimi, na nitajuaje kwamba kweli kipo kabla sijaenda kusimama mbele ya kufuli? Siri yangu itabaki siri? Ni lazima niombe nao? Na mume wangu, ambaye husafiri sana kikazi na hajui lolote, nimwambie kwanza au nianze kimyakimya?

Ni mimi,
Mgeuka Mlangoni

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama pale ulipoandika "asubuhi tu". Umelipitisha neno hilo upesi, kama mtu anayepitisha mzigo asiotaka ufunguliwe. Mimi nitaufungua. Vikundi vitasubiri kidogo.

Mikono inayotetemeka mpaka inyweshwe ni dalili kwamba mwili wako umeshaizoea pombe kiasi cha kuidai. Pombe huupoza ubongo. Ubongo unaopozwa kila siku kwa miaka hujifunza kujichochea zaidi ili uweze kufanya kazi, na ukiiondoa pombe ghafla, uchochezi unabaki bila kizuizi. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa chache tangu kinywaji cha mwisho, ndiyo maana wewe huamka navyo. Kwa baadhi ya watu hufuata degedege, mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne, wachache huingia katika hali ambayo madaktari huiita deliriamu tremensi: mtu anachanganyikiwa, anaona vitu visivyokuwapo, homa inapanda, moyo unakwenda mbio. Asipotibiwa anaweza kufa. Watu wengi hudhani hatari iko katika kunywa peke yake, na kwamba kuacha daima ni salama. Kwa mtu wa mafunda ya asubuhi, sivyo.

Kwa hiyo usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani na watoto. Nenda kwa daktari wiki hii. Atakupima, ataamua kama utatibiwa ukiwa nyumbani kwa kuangaliwa kila siku au utalazwa siku kadhaa. Zipo dawa za kutuliza mwili katika siku hizo, nyingi zikiwa za kundi la benzodiazepini, ambazo hutolewa kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku. Usizinunue kiholela wala usiazime za jirani, kwa sababu zikichanganywa na pombe zinaweza kukuzimisha pumzi. Kwa kawaida huongezwa vitamini B1, yaani thiamini, kwa kuwa wanywaji wa muda mrefu huikosa na ukosefu huo huumiza ubongo. Baadaye, ukishatulia, muulize kuhusu naltreksoni au akamprosati, dawa za kumsaidia mtu asirudi kwenye chupa. Na kama umewahi kupata degedege, hata mara moja, mwambie hilo kabla ya mengine yote.

Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi kiasi unachokunywa kwa siku, cha kweli, pamoja na saa unayoanza. Mdomo ukiwa mbele ya koti jeupe hupunguza nusu, hata wa watu waaminifu. Karatasi umpe tu aisome.

Na nisikie nikuambie: nimesema usiache ghafla, sijasema uendelee. Najua namna mnywaji anavyosikia. Kaka yangu aliambiwa na daktari maneno hayohayo akatoka na ruhusa ya miezi minne aliyojiandikia mwenyewe.

Huyo kaka amenikubalia nimtaje, maana yote nitakayokueleza sasa niliyapata kwa sababu yake. Mimi si mnywaji. Nilikuwa dereva wake, na baadaye nikawa na kikundi changu cha ndugu wa wanywaji. Siku ya kwanza nilimpeleka nikabaki garini. Alilizunguka lile jengo mara nne, nikihesabu. Mara ya tano akakutana na mzee mmoja anayehangaika na viti, naye bila salamu ndefu akamwambia, "Nishikie hivi viwili." Kaka yangu akaingia ndani na viti viwili vya plastiki kifuani. Ndivyo alivyoingia. Ni miaka kumi na mitatu sasa na bado ndiye anayepanga viti.

Nimekusimulia hayo kwa sababu ya kufuli lako. Ulitafuta jengo ukalipata, tena kwa usahihi. Ulichokosa ni mtu anayekungoja ndani yake. Vikundi hivi kwa kawaida havina ofisi wala mwajiriwa wa kufungua mlango. Chumba ni cha kuazima au cha kukodi, mwenye ufunguo ni mwanakikundi aliyejitolea, na kazi hiyo hupokezanwa kila baada ya miezi. Mwenye ufunguo akiugua, au mwenye jengo akitaka chumba chake, kikundi kinahamia upande wa pili wa barabara na anwani ya zamani inabaki kwenye simu za watu kwa miaka. Tazama kama orodha ina tarehe ya kurekebishwa. Isiyo na tarehe ichukulie kama uvumi.

Dawa yake ni kupiga simu kabla ya kutoka. Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huiita AA, ina tovuti inayokuelekeza kwa watu wake wa nchi mbalimbali, na sehemu nyingi kuna namba inayopokewa na wanachama wenyewe, watu walioacha pombe wanaokaa zamu. Huna haja ya kutaja jina lako. Sema hivi: "Natafuta mkutano, ni mara yangu ya kwanza, na mimi ni mwanamke." Kisha uliza kama mkutano wa siku hiyo bado upo, unaingilia mlango upi, wanawake huja wangapi. Halafu uliza lile ambalo watu huona haya kuliuliza: kama kuna mwanamke anayeweza kukupigia kabla, au kukungoja nje. Wao wamezoea ombi hilo. Mara nyingi utakuta aliyelipokea naye alingojewa nje na mtu.

Simu ikiita bila kujibiwa, usilichukulie kuwa jibu. Wapo wengine wanaojua vikundi vilivyo hai: kitengo cha afya ya akili au cha uraibu katika hospitali, ofisa wa ustawi wa jamii, hata mtunza ukumbi, ambaye anajua kuliko tovuti ni akina nani hukodi chumba cha nyuma siku ya Alhamisi. Daktari wako muulize siku ileile utakayompelekea karatasi.

Uulize pia aina ya mkutano, kwa kuwa si mikutano yote ni sawa. Mkutano wa wazi unaingiwa na yeyote: ndugu, mwanafunzi, dereva kama mimi. Mkutano wa wenyewe ni wa wale tu wanaotaka kuacha pombe. Kwa mtu anayeogopa kuonekana, wa pili una utulivu zaidi, ingawa wengine hupenda kuanzia ule wa wazi, wakae nyuma wajifanye wamesindikiza mtu. Kuna mikutano ya wanawake pekee, na kama iko mahali unapoweza kufika, anzia hapo, hata ikiwa mbali kuliko mingine. Kama haipo, ingia ya mtandaoni. Iko ya kila saa, mchana na usiku, ya wanawake pekee pia, na unaweza kuzima kamera na kuandika jina lolote. Ina kasoro yake: ukifunga simu umebaki wewe na buti. Lakini ni mlango usio na mlinzi, na mimi nawajua watu walioanzia chooni na simu mkononi.

Sasa yule mwanamume. Mfungie namba yake leo. Ulikuwa umeketi katika chumba ambamo kila mtu anakiri udhaifu wake, na yeye akatumia udhaifu huo kama mwanya. Aibu hiyo ni yake. Inatokea, na wanawake wa mle ndani wanaijua vizuri, ndiyo sababu kuna desturi ya wanawake kupeana namba na wanawake, na wanaume na wanaume. Desturi tu, kwa kuwa AA haina makao makuu yanayochuja wanaoingia. Kila kikundi hujiendesha chenyewe, na mlangoni haulizwi mtu lolote ila kama anataka kuacha kunywa. Uzuri huo ndio unaomruhusu na huyo kuingia. Ukipata nguvu, mwambie mwenyekiti wa mkutano ule au mwanamke yeyote mkongwe utakayemkuta kwingine. Huwa wanajua la kufanya, na huenda si wewe wa kwanza kumtaja. Usipopata nguvu, nenda kikundi kingine na usijione umekimbia.

Jambo hilohilo litakusaidia utakapofika wakati wa kumchagua mdhamini. Hilo ndilo jina wanalompa mtu aliyetangulia, anayekushika mkono katika zile hatua kumi na mbili za AA za kuacha pombe, na ambaye unaweza kumpigia saa mbaya. Wako awe mwanamke. Usimchague siku ya kwanza. Sikiliza mikutano kadhaa, umtafute yule ambaye akisema unasahau kutazama saa.

Kuhusu baba wa darasani, samahani, nilicheka. Mwanangu, wewe ulikuwa nje ya dirisha, yeye alikuwa ndani! Unadhani alikuja kukarabati feni? Anayo siri yenye ukubwa uleule wa kwako, na kama ana muda mle ndani ameshafundishwa kwamba anayeonekana pale na yanayosemwa pale hubaki pale. Hata hivyo sitakudanganya. Hiyo ni ahadi ya watu, haina nguvu ya sheria. Daktari na wakili kwa kawaida wanabanwa na sheria kutunza siri yako. Jirani wa kiti habanwi. Wengi huitunza kwa sababu na yao imetunzwa, lakini jambo linaloweza kukufikisha mahakamani au kukufukuzisha kazi lipeleke kwa mtaalamu, usilimwage mbele ya viti ishirini. Mkutanoni inatosha jina la kwanza, na la uongo nalo hutumika zaidi ya unavyofikiri. Kama unaona bora, chagua kikundi cha mtaa usiofahamika. Mbali kidogo, si mbali sana, maana umbali ndio udhuru wa kwanza siku ya mvua.

Lile la maombi lina historia yake. AA ilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, pale dalali wa hisa aliyekuwa na miezi michache bila pombe alipokutana na daktari wa upasuaji ambaye bado alikuwa anakunywa. Wote wawili walikuwa wamepitia katika harakati moja ya Kikristo, na lugha yao ilibaki na harufu ya huko. Tangu mwanzo kulikuwa na mabishano, wasioamini wakikataa kulazimishwa, na ndiyo maana hatua zenyewe zinamtaja Mungu kama kila mtu anavyomwelewa. Leo hakuna dini moja inayomiliki AA. Kukutana katika ukumbi wa kanisa ni habari ya nafasi na kodi nafuu. Wenzako wakisimama kuomba, simama ukae kimya, au toka nje ukapige simu. Hakuna atakayekuandika.

Ukiona bado inakubana, tafuta mikutano ya AA iliyoacha maombi, ipo. Au tafuta SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, ambayo haina hatua wala sala. Hao hufundisha mbinu za kisaikolojia, namna ya kuitambua hamu inapokuja na kuisubiri ipite, na hawana desturi ya kujiita mlevi maisha yote. Kwa wanawake kuna Women for Sobriety, iliyoanzishwa Marekani miaka ya 1970 na Jean Kirkpatrick, mwanasosholojia aliyekuwa mnywaji mwenyewe, aliyeona kwamba mwanamke anayeingia akiwa tayari ameinamisha kichwa hahitaji somo jingine la kujishusha. Vyote viwili vina mikutano ya mtandaoni.

Mtu atakwambia vikundi hivi ni maneno matupu. Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane, wanaopima ushahidi wa tiba, walikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya elfu kumi. Wakakuta kwamba mipango inayomwingiza mtu AA kwa utaratibu humsaidia kubaki bila pombe moja kwa moja kuliko tiba nyingine zilizozoeleka, zikiwamo za kubadili fikra na tabia. Haina maana kwamba kila anayekwenda anaacha. Kaka yangu aliteleza mara mbili mwaka wa kwanza. Alirudi na macho mekundu wakampa kiti kilekile.

Na kuna mtu mwingine, huyu wa ndani ya chumba, atakwambia kwamba anayemeza dawa za daktari bado hajaacha. Mtabasamie, kisha umeze dawa zako. AA yenyewe katika maandiko yake inawaonya wanachama wasijifanye madaktari.

Siku utakayokwenda, fika dakika kumi kabla. Unaweza kwenda hata kama umekunywa siku hiyo, isipokuwa vikundi vingi vitakuomba usikilize tu, usizungumze. Mkutano huchukua saa moja hadi moja na nusu. Mtu atasoma, mwingine atasimulia, kisha neno litazunguka viti. Likikufikia sema, "Leo nimekuja kusikiliza," linapita kwa jirani. Kapu la mchango litapita pia, nalo lipishe, mgeni hadaiwi na kiingilio hakuna. Ukiulizwa nani ni mgeni, si lazima uinue mkono, ila ukiinua, mwishoni wanawake watakuja. Omba namba za wawili. Huko husemwa jaribu mikutano sita kabla ya kukata shauri, na mimi naongeza: isiwe sita ya chumba kimoja. Wewe umehukumu kwa mmoja, tena uliokuwa na wanaume kumi na mmoja na mjinga mmoja kati yao. Vikundi hutofautiana kama nyumba zinavyotofautiana, kuna penye kicheko na kuna panapofanana na matanga.

Mikono isipojua pa kukaa, uliza kama kuna viti vya kupanga.

Mume wako. Umeandika hajui lolote. Mwanangu, miaka tisa! Husafiri, sawa, lakini akirudi analala wapi? Kaka yangu alituita siku ya arobaini bila pombe, akatukalisha sebuleni kututangazia kwamba alikuwa mlevi. Mama yetu alikuwa anajua mahali pa kila chupa. Alikuwa akizipangusa vumbi. Sisemi mumeo anajua, nasema usijenge mpango wako wote juu ya kwamba hajui.

Kwa kuhudhuria kikundi huna haja ya ruhusa yake, anza. Kwa daktari ni tofauti kidogo: zile siku za kutoa pombe mwilini lazima mtu mzima mmoja ajue na awe karibu, kwa ajili yako na ya watoto. Kama ni mume mwenye moyo wa kusikia, mwambie kabla ya siku hizo, kwa sentensi fupi: ninaumwa, nimeona daktari, nitahitaji uwe nyumbani. Kama ni mume wa kukupiga au kukunyang'anya watoto, na wewe ndiye unayemjua, mwambie dada yako au rafiki, na daktari umweleze hilo pia, mapema. Baadaye, akitaka kuelewa, kuna Al-Anon, vikundi vya ndugu na wenzi wa wanywaji, vilivyoanzishwa rasmi mwaka 1951 na wanawake wawili, mmojawapo mke wa yule dalali wa hisa. Mimi nilikaa humo miaka saba. Nilikwenda nikidhani nitafundishwa jinsi ya kumzuia kaka yangu, nikafundishwa kuacha kuhesabu chupa zake.

Buti usilimwage kabla ya kumwona daktari. Ukishamwona, mwulize siku ya kulimwaga, na awepo mtu mwingine jikoni.

Kesho asubuhi, karatasi. Kisha simu. Niandikie aliyeipokea alikuwa na sauti gani.

Shangazi yako